Namna ya kuandika hadithi ya zimwi na manusura ndani ya Kigoma

Kabla hujalitia zimwi lako meno, litungie sheria moja, na sheria hiyo iguse riziki ya watu. Sura ya kutisha msomaji huizoea upesi. Asichokizoea ni mtu kulazimika kufanya jambo lile lile linalomwita muuaji wake.

Kigoma sheria hiyo ipo majini. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na ukipita mita 200 hivi kwenda chini hamna oksijeni, na giza ni totoro. Zimwi lililotoka huko lifuate taa. Dagaa nao huvuliwa usiku kwa taa. Kwa hiyo wavuvi wa Kibirizi wakiwasha wanapata kitoweo na wanaliita zimwi. Wakizima wanalala salama na njaa.

Sheria nzuri huzaa kalenda yake yenyewe. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa nuru ya mwezi imetapakaa na taa haikusanyi dagaa. Zimwi nalo lipotee vivyo hivyo: mwezi ukiwa mpevu, na mchana kutwa, halijui liende wapi. Matokeo yake siku za usalama ndizo siku za ukata, na giza la mwezi mwandamo ndilo la shibe na vifo. Panga sura zako kwa mwezi, uone jinsi taharuki inavyojipanga yenyewe.

Kosa linaloua hadithi nyingi ni kuivunja sheria. Sehemu ya tatu zimwi linafuata taa, sehemu ya tisa linanusa damu, kisa mwandishi alitaka fulani afe. Msomaji akigundua, anaacha kupima hatari pamoja na wahusika. Ukitaka kifo, tafuta mwanga: kioo cha simu, njiti ya kiberiti, kaa la jikoni lililopulizwa na upepo.

Manusura wasizidi saba. Wakizidi, majina yanachanganyika. Kisha fanya hesabu ya chakula hata kama hutaiandika yote. Mtu mzima mwenye kazi nzito, mpe nusu kilo ya unga kwa siku, naye bado atalalamika. Watu sita ni kilo 3, kwa hiyo gunia la kilo 50 linaisha baada ya siku 16. Maji ya kunywa weka lita 3 kila mtu. Ziwa lipo mlangoni, lakini kuteka maji ni kushuka ufukweni, na hiyo peke yake ni sura nzima.

Mafuta yanataka uangalifu zaidi. Petroli iliyokaa kwenye tangi huchakaa ndani ya miezi, hivyo mwaka wa pili pikipiki isiwake kwa mkupuo mmoja. Mawese hayakosekani Kigoma na yanawaka, ila ni mazito; hayapandi vizuri kwenye utambi wa koroboi. Yaweke kwenye kibakuli kifupi, utambi wa pamba ulale ndani yake na ncha tu ichungulie ukingoni. Mjue vizuri mhusika anayeweza kutengeneza taa hiyo, maana ndiye atakayewaponza wenzake.

Anza hadithi wakati wa kiangazi, dagaa wakiwa wanaanikwa mchangani na kukauka kwa jua. Mvua za Novemba zikifika wataoza. Kubanika kunataka moto wa saa nyingi, na moto ni mwanga. Hapo ndipo chumvi inapokuwa ya thamani, na chemchemi za maji ya chumvi ziko Uvinza, kilomita kama 100 kwa kufuata reli. Watembee 20 kwa siku: siku tano kwenda, tano kurudi wakiwa na mizigo, bila kuwasha chochote usiku. Safari hii inazidi kwa mbali ile ya “kutafuta mji salama”, kwani msomaji anajua wanachofuata na kwa nini hawawezi kungoja.

Meli ya Liemba itakuvutia. Ilizamishwa makusudi na Wajerumani mwaka 1916 na kuibuliwa 1924, lakini usiseme ilileta zimwi kutoka kilindini. Iliwezekana kuibuliwa kwa sababu haikulala kwenye kina kirefu.

Maneno ya wahusika yawe mafupi, yabebe tendo:

“Shemeji, zima hiyo.”
“Mtoto haoni anapokanyaga.”
“Ashike upindo wa kanga yangu. Zima.”

Hakuna aliyesema anaogopa, na haikuhitajika. Zimwi lenyewe lionyeshe kwa alama zake kwanza: maji yaliyotulia ghafla, mtumbwi uliorudi na taa bila watu. Mwili wake mzima usionekane kabla ya theluthi ya mwisho.

Ukitoa hadithi kwa sehemu mtandaoni, maneno 800 hadi 1,000 yanatosha kwa sehemu moja. Katiza pale mtu anapotakiwa kuamua, si pale anapopiga kelele. Kelele msomaji atazisahau kesho, uamuzi atakaa akiujadili.

Rasimu ikiisha, chukua kalamu upigie mstari kila mwanga uliomo. Pembeni andika nani aliuwasha, kwa mafuta gani, na mwezi ulikuwa wa siku ya ngapi. Mwanga usio na majibu hayo matatu, uandike upya au uufute.