Ukipima Omega ya Co-Axial, badili pembe kwanza

Mteja akikuletea De Ville au Seamaster iliyoandikwa Co-Axial (mfumo wa Omega wa kupeleka nguvu kwenye mizani), usiitege kwenye kipimamwendo, kifaa kinachosikiliza milio ya saa, kabla hujagusa namba moja kwenye kifaa hicho: ile ya pembe. Mimi sikuigusa, nikapoteza siku nzima.

Saa yenyewe ilikuwa na mashine ya 2500. Niliijaza ufunguo mpaka mwisho, nikailaza uso juu, kioo cha kipimamwendo kikaonyesha bembea ya nyuzi 342, yaani umbali ambao gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi, huzunguka kutoka katikati hadi mwisho wa upande mmoja. Nikashtuka, maana gurudumu hilo likivuka nyuzi 330 hivi, kijiwe chake huzunguka hadi kugonga kwa nyuma wenzo, ule mkono mdogo unaolisukuma, na saa huanza kukimbia. Nikatega sikio: hakuna mlio wa kugonga. Hata hivyo nikaifungua, nikatoa kamani, ile springi inayoendesha saa, nikaipima unene na upana. Ilikuwa kamani yake halisi.

Kosa lilikuwa kwenye kipimamwendo. Nilikiacha kwenye pembe ya nyuzi 52, inayofaa saa nyingi za Uswisi za wenzo wa kawaida. Pembe hii ni nyuzi ambazo gurudumu la mizani huzunguka katika kila pigo likiwa linagusana na wenzo. Hii inataka 38. Kifaa hakioni gurudumu likizunguka, kinasikia milio tu. Kinapima muda ndani ya pigo moja, kisha kinakokotoa bembea kwa pembe uliyokipa. Ukizidisha pembe, na jibu linazidi kwa uwiano uleule. Chukua 342, zidisha kwa 38, gawanya kwa 52: unapata 250. Nilidhani saa ina nguvu kupita kiasi, kumbe ilikuwa imeanza kuchoka na inataka kusafishwa.

Kwa hiyo: weka 38, halafu hakiki mapigo. Mashine za 2500 za mwanzo hupiga mara 28,800 kwa saa. Za baadaye zilipunguzwa hadi 25,200, yaani mapigo 7 kwa sekunde. Soma herufi iliyo kwenye mashine, usikisie.

Sasa vaa lensi, uangalie kwa nini pembe ni tofauti. Katika wenzo wa kawaida, jino la gurudumu linaloleta nguvu ya kamani huteleza juu ya uso wa kijiwe cha yakuti cha wenzo huku likisukuma, na mtelezo huo ndio unaotegemea mafuta. George Daniels, fundi Mwingereza aliyefanya kazi Kisiwa cha Man, alitaka kuuondoa. Akaweka magurudumu mawili kwenye ekseli moja: msukumo mmoja unakwenda moja kwa moja kwenye mizani, wa pili unapitia kwenye wenzo, na yote ni ya kusukuma kuliko kuteleza. Wenzo una vijiwe vitatu, si viwili. Aliubuni mfumo huu miaka ya 1970, akabisha hodi kwa viwanda vya Uswisi miaka mingi, na Omega wakauingiza sokoni 1999. Kila nikiuona ukicheza chini ya lensi, namheshimu mzee yule kwa subira yake.

Ndiyo maana usipake mafuta kwa mazoea ya mkono. Tafuta karatasi ya kiwanda ya mashine hiyohiyo, upake pale tu ilipoonyesha, kwa kiasi ilichosema. Tone lililozidi hutambaa.

Ukimaliza, ijaze tena na uipime mikao mitano: uso juu, uso chini, na mitatu ya wima. Saa hizi zilitoka na cheti cha kronomita, yaani cha usahihi wa mwendo, kwa hiyo wastani wa kati ya sekunde -4 na +6 kwa siku ndio wa kulenga. Andika pembe uliyotumia kwenye kadi ya mteja, pembeni ya bembea.