Mambo ya Kuandaa Kabla ya Kuanza Kurudisha Dalili za Sukari Kushuka

Mtu aliyetumia insulini kwa miaka mingi anaweza kufika mahali ambapo sukari yake ya damu inashuka chini ya 3.0 (mmol/L, kama mashine inavyoonyesha) bila kijasho kumtoka, bila mikono kutetemeka wala moyo kwenda mbio, akaendelea kuzungumza barazani mpaka maneno yaanze kumkwama na wenzake wadhani amelewa. Kinachotokea ni kwamba kila sukari inaposhuka mwili huizoea hali hiyo, na adrenalini, ambayo ndiyo huleta zile dalili za mwanzo, hutolewa kwa kuchelewa zaidi safari inayofuata. Mazoea hayo yanaweza kuondoka. Mgonjwa akikaa majuma mawili hadi matatu bila sukari kushuka, dalili huanza kurudi, ingawa wengine huhitaji miezi mitatu hivi. Hata hivyo, kwa mkazi wa Tabora anayelima, anayepanda baiskeli na anayenunua vipimo kwa fedha zake, majuma hayo hayawezekani bila maandalizi.

La kwanza ni kufika kliniki ya kisukari, iwe ni hospitali ya Kitete au kituo kingine kinachokuhudumia, ukiwa na daftari lako la vipimo, ili daktari apunguze dozi na kupandisha kidogo kiwango unachopaswa kukilenga kwa kipindi hicho. Usipunguze insulini kwa kukisia, na usiiache kabisa kwa hofu ya kushuka, kwa maana kuiacha kunaweza kukulaza hospitalini kwa sukari kupanda mno. Mwombe akuandikie kiwango hicho kipya daftarini, kwa kuwa mgonjwa aliyezoea kukemewa kwa kuwa na 9 au 10 huona aibu kuiacha namba hiyo ilivyo, akaishusha kwa siri na kuharibu kazi yote. Mtajie pia dawa nyingine unazomeza. Propranololi, dawa ya presha na moyo, huweza kuficha mapigo ya moyo na kutetemeka, japo jasho kwa kawaida hubaki. Glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, hushusha sukari kwa muda mrefu, na zaidi kwa mwenye figo dhaifu.

Kisha zihesabu stripu, yaani vile vijikaratasi vya kupimia sukari kwenye mashine, kabla hujaanza. Kupima mara nne kwa siku, yaani kabla ya kila mlo na kabla ya kulala, kwa siku 21 ni stripu 84, na bado hujaweka za kurudia kupima baada ya kunywa sukari wala za usiku wa manane, hivyo 100 ni hesabu ya chini. Hakikisha zinaendana na mashine yako, hazijapitwa na muda, na kifuniko chake kinafungwa vizuri, maana joto na unyevu huziharibu. Kama fedha haitoshi, ni afadhali kungoja mwezi mwingine huku ukishauriana na kliniki kuliko kuanza na kuishia njiani.

Sukari ya kujiokolea nayo iwe mfukoni, isibaki kabatini. Inahitajika gramu 15 hadi 20, ambazo ni kama vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Asali, ambayo sisi watu wa Tabora hatuna udhuru wa kuikosa, inafaa vilevile: kijiko kimoja kikubwa kinatosha. Embe na karanga zisitegemewe, kwa sababu hufanya kazi polepole. Kipimo kikionyesha chini ya 4, kunywa hata kama hujisikii vibaya, ungoje dakika 15, upime tena, na urudie ikiwa bado hakijapanda.

Majuma yenyewe yachaguliwe vizuri. Kulima kwa jembe kutwa nzima kunaweza kushusha sukari usiku, hata kesho yake, kwa hiyo mwanzo wa mvua si wakati mwema. Ramadhani nayo si wakati wake kwa mtu aliyepoteza dalili, na suala la kufunga ni la kuzungumza mapema na daktari. Pombe iwekwe kando, kwa kuwa huzuia ini kutoa sukari wakati mtu amelala. Weka kengele ya simu saa tisa usiku angalau siku za mwanzo. Kuendesha pikipiki au gari kusimame mpaka dalili zirudi, na najua kwamba kwa dereva wa bodaboda hilo ni sawa na kufunga duka, ndiyo maana lipangwe na ndugu kabla.

Andaa na watu. Mtu ambaye sukari imemshuka huwa mbishi, hukataa kikombe na kusema yuko salama, basi mkubaliane mapema na mke au mume na jirani mmoja kwamba wakikwambia unywe, utakunywa kwanza na ubishi uje baadaye. Waelewe pia kwamba ukipoteza fahamu wasikumiminie chochote kinywani, hata asali. Wakulaze kwa ubavu na kukuwahisha hospitali.

Mwisho, acha ukurasa mtupu nyuma ya daftari. Siku kijasho kitakapokutoka ghafla au midomo kukufa ganzi, pima, jitibu, kisha uandike namba iliyoonekana na dalili uliyoisikia, ili kliniki ijayo daktari aone dalili zimeanza kurudi ukiwa kwenye 3.8 au bado zinangoja hadi 2.9.