Uyoga mdogo wa kwenye nyasi zilizooza: jinsi ya kuutafuta na kuutambua hapa Dodoma

Sisi Dodoma msimu wa mvua ni mmoja tu, Desemba hivi mpaka Aprili, sasa ikipiga siku mbili tatu mfululizo we amka mapema kabla jua halijakolea, nenda pale penye nyasi za mwaka jana zilizolala zikaanza kuoza, pembeni ya shamba la mtama au lile rundo ulilofyeka ukaliacha. Usitafute umesimama, hutaona kitu. Chuchumaa, panua nyasi taratibu kwa vidole, angalia mabua ya chini kabisa yaliyogeuka kijivu.

Tunaoutafuta ni wa jamii ya Marasmius. Ziko aina nyingi, mojawapo inaitwa Marasmius graminum, kofia yake kwa kawaida haifiki hata sentimita moja, rangi ya kahawia ya kutu, ina mikunjo kama mwavuli, kishina chembamba cheusi, na unaota juu ya jani lenyewe la nyasi sio kwenye udongo. Ugeuze, hapa ndo patamu: vile vibamba vya chini ya kofia ni vichache, vimeachana, na havigusi kishina, vinaishia kwenye kipete kidogo kinachokizunguka. Kamera ya simu inatosha kabisa kukiona.

Kipimo chake sasa. Uchume pamoja na kipande cha nyasi, uache ndani ukauke mpaka usinyae, halafu uloweke kwenye maji kidogo. Marasmius unafunguka tena, kofia inakunjuka kabisa, na ndo maana kwenye ukame wetu unaweza kusubiri mvua nyingine. Uyoga mwingi laini wa kwenye nyasi ukishanyauka ndo basi.

Kula hapana jamani, tena wakanyeni watoto. Huu mdogo hauna nyama yoyote, ila kwenye nyasi kunaota pia ule mkubwa mweupe unaovutia, Chlorophyllum molybdites, unatapisha na kuharisha vibaya sana. Kata kofia yake, ilaze kwenye karatasi nyeupe, funika na bakuli usiku kucha, asubuhi utakuta unga wa kijani. Marasmius unaacha unga mweupe.

Ukitaka kutunza, kausha vizuri weka kwenye bahasha ya karatasi, nailoni inaozesha, andika tarehe, mahali na aina ya nyasi.