Kapu la kupikia bila moto: jinsi ya kulitengeneza lishike joto

Maharage yakishachemka, mkaa unaoendelea kuwaka chini yake unafidia tu joto linalotoroka ubavuni mwa sufuria na juu ya mfuniko. Ukiziba njia hizo, chakula kinaendelea kuiva bila moto. Kapu lenyewe halitoi joto hata chembe, linachelewesha tu lile lililomo. Maziwa ya baridi ukiyafunika humo asubuhi, mchana utayakuta bado baridi.

Joto hilo limekaa kwenye maji zaidi kuliko kwenye sufuria. Lita moja ya maji ikipoa nyuzi 1 hutoa kilojuli 4.2, kilo moja ya alumini hutoa 0.9 tu, na ya chuma haifiki 0.5. Kwa hiyo sufuria ya alumini ya gramu 600 inabeba joto sawa na la maji ya nusu kikombe. Chungu cha udongo cha kilo 2.5 kinabeba sawa na nusu lita, ndiyo maana mchuzi huendelea kutokota hata ukishaepuliwa. Sufuria ya kawaida inafaa vizuri kabisa, mradi ijae angalau robo tatu. Kikombe kimoja cha maharage ndani ya sufuria ya lita 5 hakitaiva, na kapu litalaumiwa bure. Epuka chombo chenye mpini mrefu, maana utaacha pengo.

Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia. Sufi, pamba, maranda makavu, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, hata nguo kuukuu zilizokatwakatwa, vyote vinafanya kazi kwa kuinasa hewa katikati ya nyuzi au vipande vyake. Bora ni sufi: nyepesi na hainyonyi maji upesi. Mchanga na udongo havifai, vitalinyonya joto badala ya kulizuia.

Chukua kapu la ukindu au tenga. Kwa sufuria ya kipenyo cha sentimita 28, kapu liwe na upana wa 50 hivi, ili ubaki na sentimita 10 au 11 kila upande. Kina chake kiwe kimo cha sufuria na mfuniko wake, ongeza 10 za chini na 12 za juu. Shona mito mitatu ya kitambaa cha pamba: wa duara wa kukaa chini, mrefu wa kuzungushwa ubavuni, na wa duara wa kufunika juu. Huu wa juu uwe mkubwa kuliko mdomo wa kapu, ubanane na kingo. Jaza mito itune lakini usishindilie. Sufi iliyoshindiliwa imepoteza hewa yake, na hewa ndiyo uliyokuwa unaitafuta. Usiweke nailoni wala plastiki laini mahali panapogusa sufuria.

Lijaribu kabla ya kulikabidhi mboga. Chemsha lita 3 za maji, funika, tia kapuni, usifungue kwa saa 4. Kipimajoto kikisoma nyuzi 70 au zaidi, kapu ni zima. Yakiwa chini ya 60, pitisha mkono kwa nje jaribio likirudiwa: panapopata uvuguvugu ndipo panapovuja, na mara nyingi ni pale mto wa juu unapokutana na ule wa ubavuni.

Kwa maharage, yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa nguvu dakika 20 hadi 30. Dakika 10 za mwanzo za kutokota kwelikweli hazipunguzwi: maharage mekundu yana sumu inayovunjwa na mchemko huo, na joto la kapuni peke yake halitoshi. Yaache kapuni saa 3 hadi 4. Nyanya na ndimu ziongeze mwishoni, uchachu huchelewesha maharage kulainika. Mchele unataka dakika 5 za moto na 40 za kapu, maji yapunguzwe kama robo kwa kuwa hakuna mvuke unaopotea. Nyama ya mchuzi ichemke dakika 25, kapuni saa 3. Chapati isahau, inataka joto kavu linalopita nyuzi 100.

Wa Nairobi au Mbeya waongeze muda wa jikoni. Huko maji huchemka karibu na nyuzi 94, hivyo chakula kinaingia kapuni kikiwa na joto pungufu kuliko cha Mombasa au Dar es Salaam.

Ukiepua, futa kitako cha sufuria kwa kitambaa kikavu. Si kwa ajili ya masizi tu: kipande cha kaa kilichonasa hapo kinatosha kuiwasha sufi, nayo hushika moto haraka sana. Kisha funika na uache. Kuchungulia kunagharimu: gramu 10 za mvuke zikitoka zinaondoka na kilojuli zipatazo 22, kiasi cha kushusha lita 3 za maji karibu nyuzi 2, na hapo hujahesabu hewa baridi iliyoingia.

Chakula kisilale kapuni. Kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana, na kapu litawatunzia uvuguvugu wanaoupenda. Kitoe muda ukitimia, kichemshe tena, kiliwe.

Adui mkubwa wa kapu ni unyevu. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo mto uliolowa mvuke au mchuzi ni kama haupo. Funga sufuria kwa khanga kabla ya kuitia, na kila ukimaliza anika mito juani, uipigepige sufi ifumuke.