Panga jepesi la kambi: kulichagua, kulinoa na kulibeba

Somo hili ni la wanaobeba mzigo mgongoni: wanaopanda Rondo, wanaolala ufukweni Msimbati, wanaofuata kingo za Mto Ruvuma, huku kusini mwa Tanzania. Mwenye gari abebe panga analolitaka na shoka juu yake. Mwenye begi anahitaji kifaa kimoja kisichofika nusu kilo, kitakachofyeka, kupasua kuni na kukata dafu bila kumlegeza mkono kabla jua halijapanda.

Wengi hukosea dukani kwa kuona panga zito ndilo imara. Kwenye majani, fito mbichi na mianzi, kinachokata ni makali membamba yanayokwenda kasi. Uzito unasaidia kwenye gogo kavu, na gogo si kazi ya panga.

Hatua ya 1: Ijue kazi yenyewe

Kambini utasafisha mahali pa hema, utachonga vigingi, utapasua kuni za unene wa kifundo cha mkono. Hutaangusha mti. Kwenye hifadhi ya msitu hairuhusiwi kukata mti bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iko wazi, na msitu wa Rondo uko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ulizia ofisini kwao mapema kuhusu kuokota kuni zilizoanguka.

Hatua ya 2: Urefu

Inchi 14, yaani kama sm 35 za bapa. Inchi 18 ni tamu kwenye nyasi ndefu, lakini vichakani inagonga matawi ya nyuma kabla haijafika unapolenga, na haiingii begi la kawaida bila kuchomoza. Ukishuka hadi inchi 12 mkono unakaribia miiba na mgongo unainama kutwa.

Hatua ya 3: Unene na mahali uzito ulipo

Hapa ndipo panga jepesi linapopatikana au kukosekana. Sentimita moja ya ujazo ya chuma ina takriban gramu 7.85. Bapa la urefu wa sm 35, upana wa wastani wa sm 5 na unene wa mm 2 lina gramu 275. Lifanye mm 3, mengine yabaki yalivyo, unapata gramu 412. Gramu hizo 137 za ziada zinainuliwa na kifundo cha mkono kila pigo. Ukiongeza mpini wa gramu 80 hadi 120, panga la mm 2 linabaki chini ya gramu 400.

Muuzaji hana kipimo cha milimita, kwa hiyo nenda na karatasi 20 za A4 za gramu 80. Zibane kwa vidole: unene wake ni karibu mm 2. Ziweke kando ya mgongo wa panga, ulinganishe kwa jicho, katikati na karibu na ncha. Panga zuri huwa jembamba kidogo kuelekea nchani.

Kisha lilaze panga kwenye kidole kimoja utafute linapotulia. Mapanga yetu mengi yana kichwa kipana, na upana huo ndio unaovuta mkono. Likitulia vidole vitatu mbele ya mpini, chukua. Likitulia mbali kuliko upana wa kiganja kizima, lirudishe, hata kama mizani inasema ni jepesi.

Hatua ya 4: Chuma

Tafuta chuma cha kaboni, yaani si stenlesi. Tramontina ya Brazili na Martindale ya Uingereza, lile lenye alama ya mamba, ni ya aina hiyo. Hata hivyo alama peke yake isikutoshe, lijaribu. Kandamiza ncha kwenye ubao hadi bapa lijikunje kidogo, uliachie. Lazima lirudi limenyooka. Likibaki limepinda, chuma ni laini na makali yatalala kwenye kuni ya kwanza.

Ukishaliwekea fedha mezani, omba ruhusa upitishe tupa kwenye kona iliyo karibu na mpini. Tupa ikwangue kwa ukinzani kiasi na kutoa unga. Ikiteleza bila kushika, chuma kimekazwa mno: makali yatamegeka yakikutana na jiwe au fundo la mti.

Hatua ya 5: Mpini

Mkia wa bapa, yaani sehemu inayoingia mpinini, ufike mwisho wa mpini, na ribiti (pini za chuma zinazoubana mpini) ziwe tatu, au mbili kwa uchache. Shika na utikise. Ukisikia kitu kinacheza, weka chini. Ukikunja vidole, ncha zake zikaribie kiganja bila kukichoma.

Mpini wa mbao huja umepakwa vanishi inayoteleza kwa jasho na kuleta malengelenge. Ikwangue kwa msasa namba 120, umalizie na 240. Mbao husinyaa kwa jua na ribiti kulegea. Zigonge taratibu juu ya chuma kizito. Mpini wa plastiki hausinyai, ila uzungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli.

Hatua ya 6: Kunoa

Panga jipya halijanolewa kwa kazi. Libane kwenye meza kwa klampu, makali yakielekea nje, vaa glovu, utumie tupa bapa ya inchi 8 au 10. Paka wino wa maka kwenye ukingo wote. Utaona kwa wino uliobaki ni wapi tupa haijagusa.

Sukuma tupa upande mmoja tu, uinyanyue unaporudi. Kuivuta nyuma kunaua meno yake. Lengo lako ni mteremko wa upana wa mm 2.5 hadi 3 kila upande. Kwa bapa la mm 2 hiyo ni nyuzi karibu 20, na inafaa sm 10 zilizo karibu na mpini, unapochongea vigingi. Sehemu ya kupigia iache na mteremko wa mm 2, yaani nyuzi karibu 25, isijikunje. Endelea hadi kidole kihisi kiukingo kinachokwaruza upande wa pili, kwa urefu wote, ndipo ugeuze. Malizia kwa kinoo na maji.

Usimpelekee mwenye grinda bila kusimama naye. Makali yakigeuka rangi ya bluu yamefika nyuzi joto karibu 300, na ukakamavu wa chuma umeondoka. Achovye kwenye maji kila baada ya mpitisho mmoja.

Hatua ya 7: Ala

Turubai lililoshonwa mara mbili linatosha, ila weka ndani, upande wa makali, kipande cha mpira wa maji kilichopasuliwa kwa urefu. Bila hicho makali yanakata uzi, kisha yanakata begi. Jioni futa panga kabla ya kulirudisha. Ala yenye unyevu hutia kutu kuliko mvua.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali, kutoka Masasi: Shikamoo mwalimu. Nyumbani kuna panga la inchi 20, chuma chake kizuri sana. Linaweza kupunguzwa?

Jibu: Marahaba. Linaweza, na mara nyingi linakuwa bora kuliko jipya. Ukiondoa sm 12 za kichwa chenye upana wa sm 7 na unene wa mm 2, umepunguza gramu zaidi ya 130 pale pale panapochosha. Chora mstari kwa chaki, kata kwa msumeno wa chuma huku ukimwagia maji, ncha uizungushe kwa tupa. Mgongo na makali vikutane kwa mviringo. Kona kali hunasa kwenye mizizi.

Swali, kutoka Newala: Kaka, kuna mhunzi anafua mapanga kwa springi za gari. Nichukue hilo?

Jibu: Chuma cha springi ni kizuri, tatizo ni unene. Springi mbichi ina mm 6 na zaidi, na wahunzi wengi huiacha nene. Mwambie aifue hadi mm 3 mgongoni, ipungue kuelekea makali, kisha fanya jaribio la kukunja na la tupa. Asipokubali ulijaribu, usilipe.

Swali, kutoka Mikindani: Sisi tunalala pwani. Si bora stenlesi?

Jibu: Kwa kisu cha kupara samaki, ndiyo. Kwa panga jembamba la kupiga, stenlesi ya bei ndogo huwa laini au huvunjika, dada. Baki na kaboni. Likipata maji ya chumvi, lisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, lifute likauke kabisa, pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi. Ukilala bila kufanya hivyo, asubuhi utakuta madoa ya kahawia. Madoa hayo yanatoka kwa msasa laini ukiyawahi. Yakikaa yanachimba mashimo, hasa kwenye makali.

Swali, kutoka Lindi mjini: Mpingo mkavu nikiupiga kwa panga hili itakuwaje?

Jibu: Acha. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, na makali ya mm 2 yatajikunja au kumegeka. Vivyo hivyo usigonge mgongo wa panga kwa gogo la mti huo. Kuni nene zivunje kwa kuzichoma moto katikati. Na kwenye ua wa mnyaa usifyeke kabisa: utomvu wake mweupe ukirukia jichoni unaumiza vibaya. Korosho mbichi pia usizipasue kwa panga la kupikia, mafuta ya ganda huunguza ngozi na hubaki kwenye bapa.

Swali, kutoka Nachingwea: Kwenye basi nalibeba vipi?

Jibu: Ndani ya ala, ala ndani ya begi, begi kwenye buti, na mwambie kondakta. Kwa ndege liende kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si begi la mkononi. Ncha izibe kwa kifuniko cha chupa kilichofungwa na utepe wa gundi, ili anayepakia mizigo asijikate.