Kumchora mjukuu kwa rangi za mafuta

Mtoto wa miaka 4 hatulii, usimlazimishe. Mimi mjukuu wangu nampa embe, akae mlangoni mwanga umjie upande mmoja, nami nampiga picha kwa simu na kumchora penseli harakaharaka anavyokula. Simu inanipa umbo tu. Rangi ya ngozi naitazama kwake mwenyewe.

Pima kichwa kwanza. Mtu mzima macho yake yapo katikati, baina ya utosi na kidevu. Ya mtoto yako chini ya nusu, na paji ni pana. Ukiyapandisha, umemzeesha.

Tabaka la kwanza liwe jepesi, kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini. Ya juu yaongezewe mafuta ya kitani kidogokidogo. Ukifanya kinyume, rangi itapasuka baadaye.

Sasa ngozi, na hapa usiwe na haraka. Nyeusi ya tyubu siigusi. Kahawia nyekundu ikichanganywa na bluu iliyokolea hutoa kivuli chenye uhai. Mng'ao wa paji si mweupe: karibu na mlango anga huakisiwa pale, hivyo tia bluu kidogo. Ncha za masikio na pembeni mwa pua zina wekundu. Midomo ya mjukuu wangu, juu zambarau, chini waridi. Tazama ya wako.

Matambara yenye mafuta ya kitani yatandaze nje yakauke. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe, na nyumba ina watoto. Vanishi isubiri miezi 6 hadi 12.