Mshumaa wa waridi uwashwe na nani?

Majilio, kipindi cha kujiandaa kwa Noeli (Krismasi), yana Dominika (Jumapili) nne, na ya tatu ndiyo ya furaha: mshumaa wa rangi ya waridi unaungana na ile miwili ya zambarau iliyowashwa Dominika mbili za kwanza. Mimi ndiye ninayepanga zamu za kuwasha kwetu, nawe unayezipanga kwenu nakusihi usiwape viongozi peke yao. Mpe mjane wa benchi la nyuma, amshike mkono mtoto asiye mjukuu wake. Waambie wiki moja kabla, wapate kuzoeana. Njiti iwe ndefu, mtoto asiungue vidole.

Baada ya Misa, kikapu cha majina kikae mlangoni. Kila mmoja achukue jina la mgonjwa, amtembelee kabla ya Noeli. Asiyeweza kwenda apige simu, ingawa kwenda kunafurahisha zaidi.